Shangazi, nina mdomo gani wa kumwambia mdogo wangu apande basi la Dar?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkulima wa Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, nina miaka 38. Ninakuandikia jambo ambalo hata mume wangu sijawahi kumweleza likaisha. Kila nikianza, koo linanibana.

Mwishoni mwa 2019 binti yangu wa kwanza, nitamwita Atu, alianza kulia usiku kwamba miguu inamuuma. Alikuwa na miaka sita. Homa ikawa inakuja na kuondoka, viganja vikawa vyeupe, mapajani akatoka madoa kama mtu aliyechapwa. Kwenye kituo cha karibu na kwetu alipewa dawa ya malaria mara tatu, ya taifodi mara moja. Alipotoka damu puani asubuhi hadi mchana bila kukatika ndipo tukakimbizwa Mbeya mjini. Wakamwongezea damu, na wiki hiyohiyo tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Kule wakatuambia ni saratani ya damu.

Alianza dawa Januari 2020. Mwezi wa pili daktari akaniita, akaniambia uboho wa ndani ya mifupa umesafika, seli mbaya hazionekani tena. Nililia kwa furaha. Ila alinisisitizia kwamba huo ni mwanzo, dawa zitaendelea zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa Machi tukaruhusiwa kwenda nyumbani kwa majuma mawili. Muuguzi mmoja akaniandikia namba ya simu ya wodi nyuma ya kadi ya Atu, akasema, "Mama, likitokea lolote, piga."

Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba korona imeingia nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Shangazi, wewe unakumbuka hali ilivyokuwa. Kila simu ilikuwa inaleta habari ya mtu aliyekufa Dar. Mume wangu akasema mtoto hana kinga, nikimrudisha kule kwenye msongamano nitaleta maiti. Mama yangu akasema vivyo hivyo, akawa anamfukiza Atu nyungu ya mkaratusi na mchaichai kila jioni. Wanunuzi wa parachichi nao walikuwa wamepotea, nauli yenyewe ilikuwa ya kukopa. Na Atu alikuwa anacheza! Nywele zimeanza kuota, anakula, anawafukuza kuku uani. Nikajiambia tungoje upepo upite.

Tulirudi Dar mwishoni mwa Juni. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na safari hii haukusikia dawa. Tulimzika Novemba, chini ya migomba nyuma ya nyumba.

Ile namba sikuwahi kuipiga. Niliogopa kugombezwa.

Sasa nimefika kwenye linaloniandikisha. Mdogo wangu wa kike ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane, tumwite Lusajo. Mwezi uliopita tulipiga picha kwenye ubatizo, kwa simu, usiku. Kwenye picha jicho lake la kushoto linang'aa jeupe, kama la paka gizani. Nikatazama picha nyingine, ni vilevile. Mchana huoni kitu, ila nikimwangalia sana naona jicho hilo linaegemea puani. Nilimwambia mdogo wangu ampeleke hospitali, wakianza kutaja rufaa ya Dar asikatae.

Bibi wa mtoto, mama mkwe wake, amekataa katakata. Anasema Dar kuna Mpox, ule ugonjwa wa vipele, ilitangazwa Machi 2025, tutampeleka mtoto akachukue ugonjwa mwingine. Anasema pia ukoo wetu una mkosi. Nilipofungua mdomo kujibu, mama yangu mwenyewe akanitazama akasema, "Wewe nyamaza. Ulishatupotezea mmoja kwa habari za Dar."

Nikanyamaza. Mdogo wangu naye ana mimba ya miezi mitano, anamsikiliza mkwewe. Shangazi, je, ni mimi niliyemuua Atu? Na kama ni mimi, nina mdomo gani wa kumwambia mtu apande basi?

Mama Atu, Rungwe

*

Marahaba, mwanangu. Ndaga kwa kuniamini na habari nzito hii.

Umeuliza maswali mawili, na la pili umelitundika juu ya la kwanza. Nitaanza na Lusajo, kwa sababu Lusajo hana muda wa kutusubiri sisi tumalize kulia.

Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya mwanga wa simu, kwa mtoto wa umri huo, tena jicho limeanza kuegemea, ni dalili ambayo daktari wa macho hapaswi kuisikia leo akakwambia mrudi mwakani. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au tatizo jingine la ndani. Lakini inaweza kuwa saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano, iitwayo retinoblastoma. Huwa haina homa wala maumivu mwanzoni, mtoto anacheza na anakula, na hapo ndipo inapowadanganya watu wazima. Uliwahi kudanganywa hivyo na kuku wa uani, unaujua uongo huo. Ikikutwa bado imo ndani ya jicho, watoto walio wengi sana hupona. Ikiachwa hupita kwenye mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea ubongoni, na hapo hadithi inabadilika.

Kwa hiyo ni wiki hii. Sitaki hata mzozane habari za Dar sasa hivi, maana hatua ya kwanza si Dar. Ni Mbeya mjini, kilometa kama 70 kutoka kwenu, unaondoka na chai ya asubuhi na jioni umerudi. Nendeni idara ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mdogo wako aende na simu yenye zile picha, asizifute. Asiseme "mtoto anaumwa jicho", maana atapewa dawa ya matone na kurudishwa nyumbani. Aseme hivi: "Jicho la mwanangu linang'aa jeupe kwenye picha, naomba daktari wa macho ampanue mboni atazame ndani." Kuna matone ya kuipanua mboni, na kwa mtoto anayefurukuta wakati mwingine hupewa usingizi kidogo ili daktari aone vizuri. Akiambiwa asubiri mtoto akue, akatae kwa adabu na aombe rufaa kwa maandishi. Huyo bibi mwenye hofu ya Dar mwambieni mnakwenda Mbeya tu kupima. Huo ni ukweli, hamumdanganyi.

Wakikuta ndicho kitu tunachokiogopa, mtapelekwa mbele zaidi. Hapo familia ijue mapema jambo moja ambalo huwa linawakimbiza wazazi usiku: wakati mwingine madaktari husema jicho litolewe. Wengi wakisikia hivyo hubeba mtoto wakaenda zao, kisha hurudi baada ya miezi sita na uvimbe umetoka nje. Mtoto mwenye jicho moja anasoma, anacheza mpira, anaoa. Jicho la bandia likiwekwa vizuri, mgeni wala hagundui. Mwambieni baba yake Lusajo hili kabla hajalisikia kwa mtu aliyevaa koti jeupe, maana saini ya mzazi ndiyo itakayotakiwa.

Habari ya mkosi niijibu haraka. Saratani ya damu ya Atu na hili la Lusajo, hata kama ni saratani kweli, hazina uhusiano. Saratani nyingi za watoto hazitokani na kitu alichokula mama wala alichokosa baba. Retinoblastoma pekee ndiyo niiseme kwa tahadhari: kwa baadhi ya watoto hutokana na kasoro ya urithi iliyo mwilini tangu tumboni. Kwa hiyo ikithibitika, mdogo wako awaambie madaktari kwamba ana mimba, ili huyo atakayezaliwa atazamwe macho tangu siku za mwanzo. Mganga hawezi kuifanya kazi hiyo. Daktari wa macho anaiweza.

Sasa Atu.

Nimeisoma barua yako mara nne, mwanangu, na nimejizuia nisikujibu kwa neno la haraka la "hapana, si wewe", kwa sababu wewe ni mtu mzima na ungejua ninakubembeleza. Nitakwambia ninachokijua.

Kukatiza dawa za saratani ya damu kunamdhuru mtoto, hilo ni kweli na sitalificha. Uboho ukionekana safi kuna seli zinabaki zimejificha, na zile dawa za miaka miwili au mitatu kazi yake ni kuzisaka hizo. Madaktari wa saratani za watoto wakiona mtoto amekosa tiba wiki nne mfululizo wanahesabu kwamba ameiacha. Ninyi mlikaa zaidi ya miezi mitatu. Lakini ni kweli vilevile kwamba wapo watoto ambao hawakukosa hata sindano moja na ugonjwa ukarudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 wanaugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya kila 100 wanapona. Katika nchi maskini hawafiki hata 30, na hilo lilikuwa hivyo kabla ya korona. Hakuna daktari wala malaika anayeweza kukwambia Atu alikuwa katika kundi lipi. Anayekwambia anajua, awe mama yako au ile sauti yako ya saa nane za usiku, anasema asichokijua.

Na wewe hukuamua peke yako. Tazama uliamua ukiwa umesimama wapi. Mnamo Machi 2020 dunia nzima haikujua korona ingewafanya nini watoto wenye saratani, hata mabingwa walikuwa wanabahatisha. Baadaye ndipo walipokusanya taarifa za watoto zaidi ya 1,300 wenye saratani walioambukizwa, kutoka nchi 45, zikachapishwa mwaka 2021. Mtoto mmoja kati ya watano aliugua vibaya, na karibu wanne katika kila mia walikufa kwa korona yenyewe. Si idadi ndogo, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa nchi za kipato chetu, kwa hiyo hofu ya mume wako haikuwa ya kipumbavu. Nusu na zaidi ya wale watoto tiba yao ilibadilishwa, wengine wakasimamishiwa dawa na madaktari wenyewe. Kama waliosoma miaka yote hiyo walisita, mama wa parachichi asisite? Na hapa kwetu ilipofika Mei takwimu zikakoma kutolewa. Tukabaki na simu za majirani na sauti za WhatsApp. Mtu akizimiwa taa hutembea kwa kupapasa, na akijikwaa hatumwiti muuaji.

Kuna mengine ambayo huenda hukuyaona kutoka huko mgombani. Shule zilipofungwa, benki za damu zilikosa wanafunzi, na wao ndio wachangiaji wakubwa wa damu katika nchi hii. Mtoto wa saratani huishi kwa damu ya watu. Ndege zikasimama, na dawa nyingi za saratani huja kwa ndege. Barabara iliyowatenganisha na wodi ina zaidi ya kilometa 800, unashuka Kitonga na mtoto anayetapika, na mfukoni nauli ya deni. Gonjwa lile liliwaua watoto wengi ambao halikuwagusa kabisa, kwa kukata hiyo kamba nyembamba waliyoshikilia. Namweka Atu katika hesabu hiyo, mwanangu. Aliyeikata kamba si wewe.

Nyungu ya bibi haikurudisha ugonjwa, umwondolee mama yako mzigo huo kama naye anaubeba kimoyomoyo, na nadhani anaubeba. Ule ukali wake nausikia kama kilio. Alikuwa anamfukiza mjukuu kila jioni kwa mikono yake, kisha akamzika. Inawezekana anakunyooshea kidole wewe kwa sababu akiukunja utamwelekea yeye. Siku moja mkiwa wawili tu jikoni, mwambie, "Mama, sote tulimpenda." Usidai akujibu.

Kitu kimoja tu ningependa kingekuwa tofauti, na ninakisema kwa ajili ya Lusajo: ile simu. Uliogopa kugombezwa, na naamini wapo wanaogombeza, wamekosea sana kutufundisha woga huo. Lakini kwenye kipindi kama kile simu ndiyo barabara. Wodi ikijua mtoto yuko Rungwe na hawezi kusafiri, inaweza kuongea na madaktari wa Mbeya, kupanga dawa za vidonge zisikatike, damu ipimwe karibu na nyumbani, tarehe isogezwe kwa hesabu na si kwa hofu. Mzazi akinyamaza hawana pa kuanzia.

Kwa hiyo Lusajo akiingia kwenye tiba, siku ya kwanza waachieni namba tatu, ya mama, ya baba na ya kwako, na laini ikibadilika watu wa wodi waambiwe kabla ya ndugu. Muulizeni daktari swali hili hata kama hakuna gonjwa lolote: "Barabara ikifungwa tufanye nini, na nani Mbeya anaweza kutushika mkono?" Nunueni kipimajoto. Mtoto aliye kwenye dawa hizo akifika nyuzi 38 hospitali ni saa hiyohiyo, hata usiku wa mvua, wala msimfunike blanketi mkangoja asubuhi. Watu wazima wa nyumba wachanje kila chanjo wanayopewa, maana ninyi ndio ukuta wake. Za Lusajo mwenyewe apangiwe na daktari wake, kwani chanjo nyingine hazifai akiwa kwenye dawa kali.

Kuhusu Mpox, bibi asidharauliwe. Alichosikia ni ukweli, ugonjwa ulitangazwa nchini. Lakini huo huenea zaidi kwa kugusana kwa karibu na mtu mwenye vipele, ngozi kwa ngozi, au kulalia matandiko yake. Kukaa kiti kimoja cha basi na mtu mzima wa afya si sawa na hilo. Mtoto apakatwe na mtu wake, abebewe shuka lake, mikono inawiwe, asipokezanepokezane kwa kila abiria anayesema "lete nimbebe". Mweleze bibi hivyo kwa utaratibu. Mwenye hofu hupoa akipewa kazi: mpe kazi ya kumshonea au kumchagulia mjukuu hilo shuka la safari.

Na fedha. Sera ya nchi ni kwamba mtoto chini ya miaka mitano hatozwi kwenye vituo vya serikali, ingawa najua vile mambo yanavyokuwa dirishani, kwa hiyo ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema kabla hamjauza kitu. Kwa saratani za watoto, pale Muhimbili tiba hutolewa bila mzazi kutozwa, kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, na lipo pia suala la mahali pa kulala mzazi na mtoto wanaotoka mikoani. Hilo muuguzi wa Mbeya awaulizie kwa simu kabla hamjapanda basi, msifike stendi ya Mbezi saa nne usiku hamjui mnakokwenda.

Umeniuliza una mdomo gani. Katika ukoo wenu wote, mwanangu, ni nani mwingine anayejua mtoto anaweza kuwa anacheza uani huku ugonjwa unamrudia? Nani mwingine ameshalala kwenye ile wodi, anajua maji ya moto yanapatikana wapi na daktari anapita saa ngapi? Mdogo wako kesho kutwa tumbo litakuwa kubwa, hataweza kukaa kwenye basi tangu alfajiri hadi usiku na mtoto wa mgongoni. Baba wa mtoto atahitajika kwa saini, lakini wanaume wengi hawaruhusiwi kulala wodi ya kina mama na watoto. Atahitajika mama mkubwa. Sikulazimishi. Kurudi kwenye korido ulikotoka na mwanao akiwa hai si jambo la kuombwa kirahisi, na ukisema huwezi hakuna atakayekulaumu, mimi wa kwanza. Ila mwambie mdogo wako hivi, kabla mkwewe hajaamka: "Mimi nilingoja. Nitakusindikiza Mbeya Jumatatu."

Kadi ya Atu bila shaka bado unayo. Hujaniandikia hivyo, lakini nawajua akina mama. Igeuze nyuma. Namba ile inawezekana imeshabadilika, na inawezekana muuguzi yule amehamishwa. Mkitoka kwa daktari wa macho, ipige kwanza hiyo. Akipokea yeyote, sema jina lako, sema wewe ni mama wa Atu wa mwaka 2020, kisha sema kuna mtoto mwingine.